Zebaki Iliyotafutwa kwa Samaki

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyoweza kushindana na ya magendo, maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yalifunguka kote Kanda ya Ziwa: Geita, Kahama, Nzega, Tarime, na vijiji ambavyo hapo kabla vilijulikana kwa pamba tu. Mamia ya maelfu ya watu walihamia machimboni, na zebaki ikahamia pamoja nao. Katikati ya muongo ule wanasayansi wengi, wa ndani na wa nje, walikuwa na hofu inayofanana: kwamba zebaki inayomwagwa kwenye vijito na kuchomwa hewani itaishia Ziwa Victoria, itaingia kwa sangara, sato na dagaa, na kutoka huko itafika kwenye sahani za mamilioni ya watu wa nchi tatu. Hofu hiyo ilikuwa na sababu za kutosha. Hata hivyo iliwapeleka wachunguzi mahali ambapo madhara makubwa hayakuwepo, na kwa miaka kadhaa ikawaacha nyuma watu waliokuwa wakiumia karibu kabisa na chanzo chenyewe. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya zebaki ya Kanda ya Ziwa inatufundisha wapi pa kuanzia tunapotaka kujua uchafuzi unawadhuru vipi watu wa nchi kama zetu: kwa mtu na siku yake, yaani anachovuta, anachokula na anachojipaka, kabla ya kwenda kwenye bomba, mto au shimo.

Hofu ya samaki ilitoka Minamata. Katika mji huo wa pwani ya Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji taka yenye methili ya zebaki ghubani kwa miaka mingi. Mwezi Mei 1956 Hajime Hosokawa, daktari wa hospitali ya kiwanda hichohicho, alitoa taarifa juu ya ugonjwa wa ubongo usiofahamika, na serikali ya Japani ilichukua hadi mwaka 1968 kukiri rasmi chanzo chake. Samaki na chaza walikuwa wameikusanya sumu miilini mwao, na wavuvi maskini waliowala kila siku ndio waliotetemeka, wakapofuka na kufa. Kijana mmoja wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Kumamoto, Masazumi Harada, alizunguka nyumba za wavuvi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akakutana na mama aliyekuwa na wana wawili wagonjwa. Mkubwa alihesabiwa mgonjwa wa Minamata, mdogo akaambiwa ana ulemavu wa kuzaliwa kwa kuwa hakuwahi kula samaki. Mama akasisitiza kwamba samaki aliwala yeye akiwa mjamzito. Utabibu wa wakati ule uliamini kondo la nyuma humkinga mtoto dhidi ya sumu. Harada akamwamini mama, akafuatilia, na ikathibitika kwamba watoto walipata sumu wakiwa tumboni. Kisa hiki kinastahili kukumbukwa hapa kwa sababu ya namna ukweli ulivyopatikana. Maabara ilikuwa na vipimo vyote vya zebaki iliyovihitaji. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mama alikula nini.

Harada huyohuyo, akiwa sasa mtu wa makamo na bingwa wa ugonjwa huo duniani, ndiye aliyefika Mwanza na wenzake katika miaka ya 1990 kuchunguza kama Minamata nyingine ilikuwa inapikwa kandokando ya Ziwa Victoria. Walichukua nywele za wachimbaji, wavuvi na familia zao, na wakazi wa mjini. Nywele ni daftari zuri kwa kazi ya aina hii: hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na methili ya zebaki iliyomo katika damu hujiandika humo kadiri zinavyoota. Matokeo ya jumla yalituliza roho, kwani watu wengi walikuwa na kiwango cha chini. Lakini wachache walikuwa na viwango vya kutisha, na wachache hao hawakuwa wale waliotazamiwa peke yao. Walikutwa pia miongoni mwa wavuvi na familia zao na wakazi wa mjini. Kama ingekuwa samaki, sehemu kubwa ya zebaki ile ingekuwa methili, haikuwa. Ilikuwa zebaki ya aina nyingine, isiyotokana na viumbe. Timu ikarudi kwenye maswali ya nyumbani, na jibu likapatikana bafuni: sabuni ya kung'arisha ngozi, iliyotiwa zebaki makusudi kwa sababu zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake.

Wakati huohuo samaki wenyewe walikuwa wamepimwa. Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa taasisi ya taifa ya Japani inayochunguza ugonjwa wa Minamata walichapisha mwaka 1996 matokeo yaliyoonyesha kwamba samaki wa Ziwa Victoria walikuwa na zebaki kidogo, chini ya nusu miligramu kwa kilo, kiwango ambacho mataifa mengi hukitumia kama ukomo. Vipimo vya baadaye vilithibitisha picha hiyo, isipokuwa kwamba sangara wakubwa sana huwa na zaidi kuliko wadogo, kama ilivyo kwa samaki yeyote anayekula samaki wenzake. Sababu za hali hii zinaeleweka. Udongo mwekundu wa kanda ile, wenye chuma kingi, huishika zebaki na kuizuia isisafiri kwa urahisi. Samaki wa maji ya joto hukua upesi, hivyo sumu wanayoikusanya hutawanyika katika mwili mkubwa zaidi. Tena si kila kijito cha machimbo kinaingia Ziwa Victoria. Rwamagasa, mojawapo ya machimbo makubwa ya wilaya ya Geita, maji yake humwagikia bonde la mto Nikonga, unaoelekea upande wa Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Mtu aliyechora mshale kutoka kila duara hadi Ziwa Victoria alikuwa amechora ramani ya hofu yake mwenyewe.

Sabuni nayo haikuwa habari mpya, na hapa ndipo historia inapouma. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza uchunguzi wa Waafrika watu wazima waliougua figo hadi wakavimba mwili. Wanawake wengi kati ya wagonjwa wale walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na baadhi yao walipoacha kujipaka hali yao ilitengemaa. Kwa maneno mengine, takriban robo karne kabla ya nywele za Mwanza kupelekwa Japani, hospitali ya jirani ilikuwa tayari imeonyesha kwamba zebaki inaingia miilini mwa watu wa Afrika Mashariki kwa njia ya ngozi. Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku vipodozi vya zebaki kwa watu wake mwaka 1976, lakini viwanda vya huko viliendelea kutengeneza sabuni hizo kwa ajili ya masoko ya Afrika, na usafirishaji wake nje ulizuiwa kisheria mwaka 2003 tu. Kwa zaidi ya miaka 25, kitu kilichohesabiwa kuwa hatari kwa ngozi ya Dublin au London kiliruhusiwa kupakiwa melini kuja kwenye ngozi ya Kisumu na Mwanza. Harada alichunguza pia Kenya na mwaka 2001 akaandika juu ya watumiaji wa sabuni hizo waliolalamika kutetemeka, kizunguzungu na uchovu usioisha. Ushahidi wa figo ulikuwa umekaa katika majarida ya hospitali, ushahidi wa samaki katika majarida ya mazingira, na waliopanga uchunguzi wa machimbo hawakuwa na desturi ya kusoma upande wa pili.

Kwa nini desturi hiyo haikuwepo? Sehemu ya jibu iko katika namna taaluma ya kukadiria madhara ilivyojengwa. Mwaka 1983 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa kitabu chenye jalada jekundu kilichogawa kazi hiyo katika hatua nne: kutambua kitu kinachodhuru, kujua kiasi gani kinaleta dhara gani, kujua watu wanapata kiasi gani, na mwisho kuunganisha yote hayo kuwa makadirio. Mpango huo ni mzuri na mashirika ya kimataifa yaliusambaza duniani kote. Lakini hatua ya tatu, ya kujua watu wanapata kiasi gani, ilijazwa na makisio yaliyotokana na maisha ya Mmarekani: mtu mzima wa kilo 70, anayefanya kazi saa 8 kwa siku na siku 5 kwa wiki kiwandani, kisha anarudi nyumbani ambako hakuna sumu ile. Vikomo vya mvuke wa zebaki mahali pa kazi vimepigiwa hesabu juu ya mtu huyo. Mpeleke mtu huyo Geita na anatoweka. Dhahabu huchomwa uani au ndani ya chumba kilekile cha kulala, juu ya jiko la mkaa, mtoto mchanga akiwa mgongoni. Hakuna mlango unaotenganisha kazini na nyumbani, kwa hiyo hakuna saa 16 za mwili kupumzika ambazo hesabu ile inazitegemea kimyakimya.

Hatua ya pili, ya kiasi na dhara, ina historia yake ya kusikitisha, nayo inapita Iraq. Mwishoni mwa 1971 nchi hiyo ilipokea shehena kubwa za mbegu za nafaka zilizotiwa dawa ya kuvu yenye methili ya zebaki. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Wakulima hawakuyaelewa, njaa ilikuwepo, na rangi nyekundu ya tahadhari ilioshwa kwa maji huku sumu ikibaki. Mbegu zikasagwa zikawa mkate. Hesabu rasmi ilitaja watu 6,530 waliolazwa na 459 waliofia hospitalini. Kutokana na nywele za akina mama 81 na hali za watoto wao, watafiti walichora mstari wa kuunganisha kiasi na dhara, na mwaka 1995 shirika la mazingira la Marekani likaujengea mstari huo kipimo chake cha usalama cha methili ya zebaki: sehemu moja ya kumi ya mikrogramu kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Baadaye Wamarekani wenyewe walihoji kama watu waliokula sumu nyingi kwa miezi michache kupitia mkate wanaweza kuwawakilisha watu wanaokula kidogokidogo maisha yao yote kupitia samaki, wakahamia kwenye utafiti wa Visiwa vya Faroe. Walikuwa na haki kuuliza. Ninachosisitiza ni kwamba walijua vyema kuwa kipimo kilichotoka kwenye maisha ya namna moja hakihamishiki bila maswali kwenda kwenye maisha ya namna nyingine. Uangalifu walioutumia kwa mlaji samaki wa Amerika ulistahili kutumiwa pia kwa mchomaji dhahabu wa Geita, ambaye sumu yake si methili, haiingilii mdomoni, na haijiandiki sawasawa kwenye nywele.

Jambo hili la mwisho linahitaji kuelezwa taratibu, maana ndilo lililowapoteza wengi. Mchimbaji husaga mawe kwenye karasha, huyaosha kwenye mwalo, kisha huchanganya mchanga mzito uliobaki na zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki hukamatana na dhahabu na kuwa donge lenye rangi ya fedha. Donge hukamuliwa kwa kitambaa na kuwekwa motoni. Zebaki huruka kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu anapouvuta, sehemu kubwa yake hupita mapafuni hadi kwenye damu, hufika kwenye ubongo, na hatimaye hutolewa na figo kupitia mkojo. Kipimo chake cha haki, kwa hiyo, ni mkojo. Ukimpima mchomaji huyo nywele peke yake, na hali samaki anaokula wana zebaki kidogo, unaweza kupata namba ndogo na kuondoka ukiwa na amani usiyostahili kuwa nayo. Peter van Straaten wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alipochunguza machimbo ya kaskazini mwa Tanzania, aliikuta sumu kwenye mkojo wa wale walioshika na kuchoma donge. Samaki walikuwa salama na wachomaji walikuwa wagonjwa, na hakuna mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Ushahidi ulio kamili zaidi ulikuja kupitia mradi wa shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, uliofanyika katika nchi sita: Brazili, Indonesia, Laos, Sudan, Tanzania na Zimbabwe. Kwa Tanzania ulichaguliwa Rwamagasa, na mwaka 2003 timu ya madaktari ikiongozwa na Stephan Bose-O'Reilly kutoka Munich iliwapima wakazi wa hapo na kuwalinganisha na watu wa Katoro, mji wa jirani. Safari hii walichukua vyote: damu, mkojo na nywele, pamoja na vipimo vya neva ambavyo havihitaji umeme wala maabara. Mgonjwa huambiwa agonge karatasi kwa penseli kwa haraka, au achomeke njiti za kiberiti moja moja ndani ya kisanduku huku daktari akitazama saa. Mkono uliotiwa sumu hautulii, na njiti huanguka. Takriban robo ya wachomaji dhahabu walikutwa na dalili na vipimo vilivyotosha kuitwa ugonjwa sugu wa zebaki. Katika machimbo ya aina hii zebaki ilikutwa hata kwenye maziwa ya akina mama wanaonyonyesha. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilipochapisha ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi machimboni Geita, Kahama na Chunya, liliwakuta watoto wakichanganya na kuchoma zebaki wenyewe. Hawa ndio waliokuwa wa kuanza nao. Walifikiwa kwa ukamilifu zaidi ya miaka kumi baada ya maduara kufunguka.

Yapo mapingamizi ya maana kwa ninayoyasema, na la kwanza ni la fedha na muda. Watasema: nchi maskini haiwezi kumfuata kila mtu bafuni na jikoni, kupima mto na samaki ni nafuu, na tena mto mmoja unawakilisha watu wengi. Ningelikubali kama historia isingekuwa na mfano wa kinyume. Kupima methili ya zebaki kwenye samaki mwaka 1996 kulihitaji mashine zilizokuwepo Japani na wataalamu wachache duniani. Swali la kwamba unaoga kwa sabuni gani lilihitaji kalamu, na kisanduku cha kiberiti kinauzwa kila genge. Ghali zaidi ni kipimo cha kisasa kilichoelekezwa mahali pasipo na jibu. Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika bajeti za miradi: laiti hofu ya samaki ingegeuzwa ushauri, wajawazito wa Ukerewe na Sengerema wangeambiwa wapunguze dagaa, chakula cha bei nafuu chenye protini na madini wanayoyahitaji kuliko wakati wowote, na wavuvi wangepoteza wateja, huku sabuni ikiendelea kuuzwa. Makadirio mabaya ya madhara nayo huleta madhara.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo linatoka kwa watu wenye nia njema. Wanasema kwamba zebaki ni sumu, hilo linajulikana tangu zamani, basi ikomeshwe kwenye chanzo bila kusubiri tafiti za nani ameumia kiasi gani. Kusubiri uthibitisho ndiyo iliyokuwa mbinu ya Chisso. Kila mwaka wa mjadala ulikuwa mwaka mwingine wa kumwaga. Sina ugomvi na msingi wa hoja hii. Ninauliza tu, chanzo kipi? Kama nchi ingefunga machimbo yote mwaka 1996, wagonjwa wa sabuni wangebaki vilevile. Na kama marufuku itahusu kuingiza zebaki pekee bila kugusa namna watu wanavyochoma, zebaki itapanda bei na kupita njia za panya, na mchomaji atazidi kujificha chumbani, ambako mvuke ni mwingi kuliko uwanjani. Tahadhari inahitaji kujua njia ambayo sumu hupita kumfikia mtu, la sivyo inaziba mlango usiotumika. Kumwanzia mtu hakupingani na kuchukua hatua mapema. Mama wa Minamata aliyemweleza Harada habari za samaki aliowala alikuwa anaharakisha ukweli, na waliouchelewesha ni wale waliongoja kondo la nyuma lijieleze lenyewe.

Wengine watasema sabuni ni hiari ya mtu na haina nafasi katika mjadala wa uchafuzi wa mazingira. Hoja hii huwa inatolewa kwa haraka, na huwa inatolewa juu ya wanawake. Mnunuzi wa Mwanza hakuambiwa kwamba sabuni ile imekatazwa kwa aliyeitengeneza. Zebaki iliyotoka kwenye ngozi yake iliingia kwenye maji ya kuogea na mfereji wa mtaa, na mtoto aliyembeba aliishika kila siku. Zaidi ya hayo, figo haina njia ya kubagua. Mwanamke anayechoma dhahabu mchana na kuoga kwa sabuni ile jioni anabeba jumla ya vyote viwili, na mpimaji anayekataa kuhesabu kimoja kwa sababu ni cha wizara nyingine atakosea kuhusu vyote. Mgawanyo wa ofisi, wa madini huku, wa mazingira kule, wa dawa na vipodozi kwingine, una faida zake katika utawala. Katika mwili wa mtu haupo.

Lazima pia niseme neno dhidi ya upande wangu mwenyewe wa hoja. Kwamba samaki walikutwa salama katika miaka ya 1990 hakumaanishi wataendelea kuwa salama. Udongo unaoishika zebaki unaweza kuiachia unapomomonyoka, na ukataji miti kwa ajili ya matimba ya maduara na mashamba unaongeza mmomonyoko. Uchunguzi wa kijiolojia uliofanyika Rwamagasa ulikuta tope la zebaki limesambaa kilomita kadhaa chini ya machimbo katika ardhi ya mbuga. Kupima samaki, basi, kuendelee. Ni vema kukumbuka, hata hivyo, kwamba samaki wana mtetezi ambaye mchomaji hana: minofu ya sangara inauzwa Ulaya, na Ulaya ilipoizuia mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu za vijidudu na viuatilifu, serikali za nchi tatu za ziwa zilijipanga upesi kuboresha ukaguzi na maabara. Mkojo wa mchomaji hauna soko lolote la nje linaloweza kuukataa.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Kumamoto mwezi Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, umeleta badiliko ambalo sijui kama wengi wameliona. Nchi yenye uchimbaji mdogo mwingi inatakiwa kuandaa mpango wa taifa, na kiambatisho cha mkataba kinataka mpango huo uwe na mkakati wa afya ya umma, wenye kukusanya takwimu za afya na kuwakinga watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mkataba huohuo unahusu pia sabuni na krimu za kung'arisha ngozi. Kwa mara ya kwanza machimbo na bafu vimeingia katika karatasi moja. Tanzania imeuridhia na imeandaa mpango wake. Ila mpango unahesabu zaidi kile kinachohesabika kwa urahisi, yaani kilo za zebaki zinazoingia nchini na idadi ya leseni, kuliko watu waliotakiwa kugonga penseli mbele ya mganga wa zahanati ya Katoro au Nyarugusu.

Na wakati hesabu hizo zikiendelea, njia ya sumu imeshabadilika tena. Marudio, yaani mchanga uliokwisha pitishwa kwenye zebaki mara moja, sasa hununuliwa na wenye mitaji, hulundikwa kwenye matangi na kuchenjuliwa upya kwa sayanidi, kwa kuwa zebaki huacha dhahabu nyingi nyuma. Sayanidi huyeyusha dhahabu, lakini huyeyusha na zebaki iliyobaki, ikaifanya iwe nyepesi kusafiri na maji kuliko ilivyokuwa udongoni. Sehemu nyingine hunata kwenye kaboni pamoja na dhahabu na kupelekwa kwenye mitambo ya kuitenganisha, ambako hupata moto na kuwa mvuke mara ya pili. Vijana wanaohudumia tanuri hizo hawanunui zebaki wala hawaishiki. Kwa kipimo cha nani anatumia zebaki, ni rahisi kabisa wasiwemo kwenye orodha yoyote. Wao, na wake zao wanaofua nguo za kazi nyumbani, wanapaswa kuulizwa leo siku yao inakwendaje, na kuchukuliwa mkojo, kabla mtu hajaja tena kuwatafutia ugonjwa wao kwa sangara.